Kabla ya Kununua, Tujenge Mahali pa Kujaribia

Bajeti ya ulinzi inapozungumzwa, wengi wetu hutazama vifaa vyenyewe: ndege zisizo na rubani, rada, kamera za kuona usiku, mitambo ya kuvuruga mawimbi ya adui. Mimi ninaomba tutazame kwanza mahali pa kuvijaribia. Nchi yenye mpaka kama wetu wa kusini inahitaji kituo cha kudumu cha majaribio ya teknolojia za kijeshi, chenye kiwanja cha ndege, maabara, vipimo vya kuaminika na anga iliyotengwa, na kwa maoni yangu kituo hicho kinapaswa kujengwa huku kwetu, katika mikoa ya Mtwara na Lindi.

Sababu ya kwanza ni Mto Ruvuma, mpaka wetu na Msumbiji. Mapigano yaliyoanzia Mocímboa da Praia, jimboni Cabo Delgado nchini Msumbiji, Oktoba 2017, yalitufikia miaka mitatu baadaye, pale washambuliaji walipovuka mto na kuingia Kitaya, wakaua watu na kuchoma nyumba. Tangu hapo hakuna mkazi wa bondeni anayehitaji kuelezwa umuhimu wa kuona ng'ambo usiku. Lakini kifaa tutakachonunua kitaona nini hasa? Kamera ya joto humtambua mtu kwa tofauti iliyopo kati ya joto la mwili wake na joto la kilichomzunguka. Katika siku za Oktoba, mchanga wa Ruvuma unapowaka jua, zipo saa ambapo ardhi hufikia joto la mwili wa binadamu, na mtu aliyelala juu yake aweza kupotea kabisa kwenye kioo. Chini ya mkorosho mkubwa, ambao matawi yake hushuka hadi karibu kugusa ardhi, kamera iliyo juu huona majani tu. Msimu wa kupulizia mikorosho dawa ukifika, kati ya Juni na Agosti, vumbi la salfa hutanda mashambani kuanzia alfajiri; aliyewahi kubeba bomba la kupulizia anajua linavyowasha macho na kuganda kwenye nguo, na ni haki kuuliza litafanya nini kwenye lenzi na injini ndogo ya droni inayoruka humo wiki baada ya wiki. Huko Msimbati na Kilwa, upepo wa bahari huleta chumvi inayokula chuma. Makaratasi ya muuzaji aliyejaribu mtambo wake jangwani hayawezi kuwa na habari ya salfa wala ya mikoko, na hakuna wa kumlaumu kwa hilo, kwa kuwa kazi ya kuuliza ni ya mnunuzi.

Uingereza ililipia somo hili kwa bei kubwa. Jeshi lake lilichagua ndege isiyo na rubani iitwayo Watchkeeper, iliyotokana na Hermes 450 ya Israeli, yaani ndege ya nchi ya jua kali iliyopelekwa kwenye mvua na mawingu. Ilichelewa kwa miaka mingi, kadhaa zikaanguka, zikiwemo zilizotumbukia baharini wakati wa majaribio yaliyofanyika kwenye uwanja wa Aberporth, Wales, na mwezi Novemba 2024 serikali ikatangaza kuiondoa jeshini baada ya mradi kugharimu zaidi ya pauni bilioni moja. Aberporth ilifanya kazi yake, kwa sababu ni heri ndege ianguke kwenye majaribio kuliko juu ya vichwa vya askari wanaoitegemea. Kilichokosekana ni majibu ya uwanjani kuwa na nguvu ya kusimamisha ununuzi mapema. Kituo chetu kikijengwa bila mamlaka ya kusema hapana, kikawa mahali pa viongozi kupigia picha mbele ya mitambo iliyokwisha kulipiwa, basi fedha hizo ni bora zikachimbe visima Newala na Tandahimba.

Nasi tuna ushahidi wetu wa nyumbani. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga nchini Tanganyika, katika maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliletwa kabla ya udongo na mvua kupimwa vya kutosha, na huko Kongwa ardhi ilikauka ikawa ngumu hata ikavunja majembe. Kusini kulijengwa bandari ya kina kirefu ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea, kwa ajili ya karanga ambazo hazikupatikana. Mradi ulifutwa mwaka 1951, ukiwa umemeza pauni zipatazo milioni 36, na reli ikang'olewa miaka ya 1960. Shamba la mfano lililolimwa kwa misimu michache lingetoa jibu lilelile kwa gharama ndogo sana.

Nachingwea hiyohiyo ina kiwanja cha ndege tangu siku hizo, na ndiko wapiganaji wa FRELIMO, waliopigania uhuru wa Msumbiji, walikofanyia mazoezi yao. Mkoa wa Lindi una zaidi ya kilomita za mraba 66,000 na watu wasiozidi milioni 1.2 kwa sensa ya 2022, hivyo anga yake ina nafasi. Mafundi wa Nyumbu, kituo cha jeshi cha teknolojia ya magari kule Kibaha, na wa Mzinga, shirika la jeshi kule Morogoro, wangepata mahali pa kupima kazi zao katika mazingira magumu, na vijana wanaohitimu VETA Mtwara wangepata ajira ya ufundi bila kuhamia Dar es Salaam.

Hata hivyo, uwanja wa majaribio ni jirani mwenye hatari. Wavuvi wa Skipskop, Afrika Kusini, waliondolewa pwani kwao katika miaka ya 1980 kupisha uwanja wa makombora wa Overberg. Nchini Kenya, Wasamburu na Wamasai waliojeruhiwa au kufiwa kwa sababu ya mabomu yaliyoachwa kwenye maeneo ya mazoezi ya jeshi la Uingereza walilipwa fidia na nchi hiyo mwaka 2002, ilhali mazoezi hayo yalikwisha kuchukua miongo mingi. Sisi wenyewe tuliyaona ya Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011, maghala ya silaha yalipolipuka katikati ya makazi ya watu. Kwa hiyo ninataka mipaka ya uwanja ipitishwe na mikutano mikuu ya vijiji kabla ya jiwe la msingi, kikosi cha kusafisha mabaki kiwe na fungu lake katika bajeti ya kila mwaka, na mkorosho unaotwaliwa ulipwe kwa thamani ya mavuno ya miaka mingi iliyobaki, kwa kuwa mti huo huzaa kwa miongo. Majaribio ya kuruka chini yasimame kuanzia Oktoba hadi Desemba, wakati familia nzima, wazee kwa watoto, ziko chini ya mikorosho zikiokota.