Bloku 3.7, tuzo kwa mwenye 1.4

Msimu wa 2011-12, Serge Ibaka wa Oklahoma City Thunder, mzaliwa wa Brazzaville, aliongoza NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, kwa wastani wa bloku 3.7 kwa mchezo, yaani mitupo ya wapinzani aliyoizima kwa mkono. Tuzo ya mlinzi bora ikaenda kwa Tyson Chandler wa New York Knicks, mwenye 1.4. Kwa msomaji wa jedwali la takwimu huo ni uonevu. Kwa anayehesabu pointi, si ajabu sana.

Wapenzi wa bloku wana hoja, tena nzito. Mpira uliozimwa ukiangukia kwa wenzako, mnaondoka na shambulizi la kasi huku wapinzani wangali chini ya ringi yenu. Halafu kuna woga. Dikembe Mutombo, aliyestaafu na bloku 3,289, nyuma ya Hakeem Olajuwon pekee mwenye 3,830, hakuwa akimtikisia kidole aliyezimwa kwa mapambo tu.

Ila timu ya NBA hurusha mitupo zaidi ya 80 kwa mchezo. Bloku 3.7 hazifiki 5 katika kila 100. Swali ni senta, yule mchezaji mrefu anayelinda ringi, anafanya nini kwenye ile mingine yote, na hapo mwinda bloku huwa anadaiwa.

Tupige hesabu. Mtupo wa chini kabisa ya ringi huingia takriban mara 6 kati ya 10, yaani pointi 1.2 kwa kila jaribio. Ukimgonga mtupaji mkono, anapewa mitupo huru 2. Akiwa mtupaji wa asilimia 75, hiyo ni pointi 1.5. Faulo ya kusaka bloku inakugharimu kuliko kumwachia leyapu yake, ule mtupo wa karibu na ringi! Ukiugusa mpira ulioanza kushuka kuelekea kikapuni, wanahesabiwa pointi 2 kamili. Ukiruka mapema ukakosa, yule uliyemwacha ili uende kusaidia anabaki peke yake na rebaundi, mpira unaorudi baada ya mtupo kukosa. Hata bloku safi inayorusha mpira hadi kwa watazamaji hairudishi umiliki: wapinzani wanauingiza tena, na saa ya shambulizi, inayohesabu sekunde walizonazo za kutupa, inaendelea pale ilipoishia. Uwanja mzima unashangilia mpira ambao bado si wenu.

Njia ya pili haina kelele. Senta anawahi kati ya mshambuliaji na ringi, anakaa magoti yakiwa yamekunjwa, anasubiri mshambuliaji aruke kwanza. Kisha anapanda wima, mikono juu, bila kuishusha wala kuinama mbele. Kifua kikigongana na kifua hapo, mwenye kosa si mlinzi. Asilimia ikishuka kutoka 60 hadi 50, kila jaribio limepungua pointi 0.2, bila faulo, na senta anatua akiwa tayari kwa rebaundi. Kwenye karatasi ya takwimu hapo pameandikwa sifuri. Chini ya kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ambako faulo ya 5 inakutoa mchezoni badala ya ya 6, subira hiyo ina thamani zaidi.

Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alizima mitupo 4.2 kwa mchezo msimu wake wa mwisho chuoni Connecticut, na Memphis Grizzlies wakamchukua wa 2 kwenye drafti ya 2009, zoezi la timu za NBA kuchagua wachezaji wapya. Urefu wa mita 2.21 ulitosha kuwafuta wanafunzi. Kwenye NBA mshambuliaji hudanganya kwa bega kwanza ili mlinzi aruke mapema, na katika msimu huohuo wa kwanza Memphis walimpeleka ligi ya maendeleo.

Bloku yenye faida kamili ni ile ya Bill Russell, aliyeshinda ubingwa mara 11 na Boston Celtics kabla NBA haijaanza kuhesabu bloku msimu wa 1973-74. Aliudokoa mpira kwa ncha za vidole ubaki uwanjani, mara nyingi kuelekea kwa mwenzake. Anayetaka kuifundisha aanze na mkono: mtupaji wa kulia akiwa anakutazama, tumia wa kushoto, kwa sababu ule wa kulia utapita juu ya mwili wake na refa atapuliza filimbi.