Mgeni wa Linux katoka wapi?

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta nyingi ambazo bado ni nzima zimekataliwa na Windows 11, na wenyewe sasa wanaulizia Linux, mfumo endeshi wa bure unaoweza kuchukua nafasi ya Windows. Wanachokwama nacho mapema ni mazingira ya eneokazi, yaani ile sura yenye madirisha, menyu na mwambaa wa chini. Linux haina sura moja. Wachukue ipi?

Wengi hujibu haraka: Cinnamon, ya Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux. Menyu iko chini kushoto, saa kulia, kila dirisha lina vitufe vyake vitatu. Aliyezoea Windows anakaa na kuendelea na kazi yake. Cinnamon yenyewe ilizaliwa na hoja hiyo hiyo. GNOME 3, mazingira mengine ya eneokazi, ilipotoka Aprili 2011 ikiwa imeitupa menyu iliyozoeleka, watu wa Mint hawakuridhika, wakatengeneza yao. Wengine waliifufua GNOME 2 wakaiita MATE.

Siipingi hoja hiyo, ila inachukulia kwamba kila mgeni katoka Windows. Huku kwetu wapo vijana tele ambao kompyuta yao ya kwanza ni simu. Mwekee kijana huyo GNOME: anabonyeza kitufe chenye nembo ya Windows mara mbili, programu zinajipanga mbele yake kama kwenye simu, na anaanza kuzifungua bila kuuliza. Cha kumfundisha ni ile menyu ya Cinnamon yenye programu zilizogawanywa kwa makundi. Kwa huyo mimi naipa GNOME, japo ina ukaidi wake: ikiwa haijaguswa, haina hata kitufe cha kushusha dirisha. Ubuntu, toleo jingine la Linux, imekirudisha, ikaongeza na safu ya aikoni pembeni.

Shida ni RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi. Kwenye laptopu ya mtumba yenye GB 4, GNOME na kivinjari hugombania nafasi mpaka mashine inaganda. Hapo mazingira ya Xfce yanafaa zaidi, maana inatumia kumbukumbu kidogo. Lakini nayo si salama kama inavyosifiwa: ukibofya kulia kwenye mwambaa wake, neno la kuondoa kitu liko pale pale, na mgeni huthibitisha kabla ya kusoma. Nimeshapigiwa simu usiku kwamba menyu “imeibiwa”.

KDE Plasma, mazingira mengine, ni nzuri, ila mipangilio yake ni msitu. Mpe anayependa kuchokonoa.

Kama kuna mtu wa karibu atakayemsaidia mgeni, mimi humwambia achukue anachotumia mtu huyo, hata kama si chaguo langu. Kubadili baadaye si kazi: kwenye Ubuntu, au Debian ambalo nalo ni toleo la Linux, unasakinisha Xfce kando ya GNOME, kisha unachagua moja kabla ya kuingiza nywila, na faili zako haziguswi. Utakachovumilia ni menyu yenye vihariri viwili vya maandishi na vidhibiti faili viwili.