Suruali imeshapita, kubana ndiko kumekwama getini

Mabango ya mavazi yaliyobandikwa kwenye mageti ya ofisi za umma, vyuo na hospitali za Dar es Salaam yanafanana. Huku picha za nguo zinazoruhusiwa, huku zilizopigwa alama nyekundu: sketi fupi, blauzi ya mgongo wazi, kaptula, suruali ya kubana. Mwanamke aliyevaa suruali pana na koti lake anapita bila neno. Anayesimamishwa ni wa suruali "ya kubana", na bango halisemi kubana kuanzie wapi. Anayeamua ni mlinzi, saa mbili asubuhi, kwa macho yake.

Mjadala wa suruali kwa wanawake jijini umehamia hapo, ingawa bado wapo wanaobishana kana kwamba tuko mwaka 1968. Mwaka huo, mwezi Oktoba, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ambayo ingeanza rasmi Januari 1969. Ilipiga marufuku vimini, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana, kwa maelezo kwamba vitu hivyo vinaharibu utamaduni wa taifa. Kabla hata tarehe haijafika, makundi ya vijana yalikuwa yameshaanza kuwabughudhi wanawake maeneo ya Kariakoo, ikabidi polisi waingilie. Miaka michache baadaye mji uleule ulijaa bugaluu, suruali iliyobana mapaja na kumwagika miguuni, wanaume kwa wanawake. Neno "kubana" lilikuwamo tangu marufuku ya kwanza, na hata wakati ule hakuna aliyetoa kipimo.

Hoja ya mila ndiyo dhaifu kuliko zote zinazotolewa dhidi ya suruali, ingawa ndiyo inayotolewa kwa sauti kubwa. Katika karne ya 19 wanawake wa tabaka la juu Unguja walivaa kanzu fupi kidogo na chini yake suruali yenye marinda kwenye vifundo vya miguu. Wanaume wengi wa pwani wakati huo walikuwa na kanzu, kikoi na msuli. Kwa hiyo, kama tunatafuta nani alitangulia kuvaa suruali mwambao huu, jibu halimpendezi anayesema ni vazi la kiume. (Marinda yenyewe siku hizi yako kwenye sketi ya shule, vazi linalotolewa mfano wa heshima.) Na hapa Dar, wanawake wenye asili ya Kihindi wa Upanga na Kisutu wamevaa panjabi miaka nenda rudi, suruali kabisa, bila kuzomewa na mtu. Siri ya panjabi ni kwamba gauni lake linafika magotini.

Hoja ya dini ina uzito zaidi, na haifai kuibeza. Wakristo wanaoipinga suruali husimama kwenye Kumbukumbu la Torati 22:5, mstari unaokataza mwanamke kuvaa vazi la mwanamume. Wanaowajibu hukimbilia mstari wa 11 wa sura hiyohiyo, unaokataza kuchanganya sufu na kitani katika nguo moja, wakadhani wamemaliza kazi. Hawajamaliza, kwa sababu makanisa mengi hutenganisha maagizo ya maadili na yale ya desturi za Israeli. Jibu lenye nguvu zaidi liko Kutoka 28:42, ambako suruali ya kitani inaagizwa kwa makuhani, ivaliwe ndani ili kuufunika uchi. Wanaume wengine wa Israeli hawakuwa wakivaa suruali, kwa hiyo haikuwa alama ya uanaume. Kwa Waislamu kuna hadithi inayokataza jinsia moja kujifananisha na nyingine, lakini masharti ya stara ambayo masheikh huyarudia ni kwamba nguo ifunike, isionyeshe rangi ya ngozi na isichore umbo la mwili. Suruali pana chini ya gauni refu inayatimiza. Taiti haiyatimizi, hata ikivaliwa na ushungi.

Upande wa wanaoitetea suruali, hoja yenye nguvu kuliko "ni uhuru wangu" ni pikipiki. Abiria wa bodaboda anatakiwa akae akiwa ameitanua miguu, nyayo zote mbili zikanyage vikanyagio. Mwenye sketi ya penseli au dera hukaa upande, na hapo uzito wote unaegemea upande mmoja, dereva anahangaika kupata mizani kwenye kona, na abiria hana pa kukanyaga isipokuwa mguu mmoja. Pindo la dera au ncha ya mtandio huning'inia karibu na tairi la nyuma na mnyororo. Likinaswa, humvuta mtu chini kabla dereva hajasikia kelele. Hali kadhalika kupanda pantoni ya Kigamboni siku ya upepo, au ngazi ya daladala asubuhi ya foleni. Askari wa kike, mlinzi wa usiku, fundi magari na mhandisi wa kwenye jengo walimaliza ubishi huu kitambo. Khanga haipandi ngazi ya mabati.

Tatizo la kweli liko mezani kwa fundi, na ni la inchi.

Chukua mwanamke mwenye kiuno cha inchi 30 na hipsi za inchi 44. Ni umbo la kawaida sana hapa mjini. Jinzi nyingi za mtumba zinazouzwa Karume, na nyingi za dukani Kariakoo, zimekatwa kwa tofauti ya takriban inchi 10 kati ya kiuno na hipsi. Akinunua kwa kipimo cha kiuno, jinzi itakuwa na hipsi za inchi 40, yaani kitambaa kimepungua inchi 4. Inayomwokoa ni nyuzi za kuvutika zilizomo kwenye jinzi, asilimia 2 au 3 hivi, ambazo zinajinyoosha hadi mwisho na kuchora kila kitu. Akinunua kwa kipimo cha hipsi, kiuno kinapwaya inchi 4 na mkanda wa ngozi unakusanya mikunjo nyuma. Wengi huchagua njia ya kwanza kwa sababu mbele ya kioo inaonekana imekaa. Hapo ndipo "kubana" kunapoanzia, mara nyingi bila nia yoyote ya kumwonyesha mtu chochote.

Njia sahihi ni kununua kwa hipsi na kumpelekea fundi. Anafumua mkanda wa suruali nyuma, anapunguza katikati kati ya inchi 1½ na 2, na kilichobaki anakigawa kwenye mikunjo miwili ya kushonea, kulia na kushoto, kabla ya kurudisha mkanda. Akizitoa inchi zote 4 katikati, mifuko ya nyuma itasogeleana hadi ikaribie kugusana, na mshono wa makalio utapinda.

Kwa suruali ya kushonesha, kosa kubwa ni fundi kutumia mkato wa suruali ya kiume. Mkato huo una mzingo mfupi nyuma, kutoka mkanda hadi msamba. Mwanamke mwenye makalio akikaa, mkanda unashuka mgongoni na kitambaa kinaingia katikati. Kipimo kinachosaidia kuzuia hilo hakichukui dakika moja: mteja akae wima kwenye stuli ngumu, fundi apime ubavuni kutoka kiunoni hadi kwenye stuli, aongeze inchi 1. Kwenye hipsi, kitambaa kisichovutika kama gaberdini kinahitaji inchi 2 hadi 3 za ziada. Chini ya 2, mistari ya kuvutwa itajitokeza mbele, ikitoka msambani kuelekea mapajani. Bwanga haina shida hizo nyingi, ila inakula kitambaa: kitenge cha upana wa inchi 45 kitataka yadi 3.

Kisha kuna joto letu. Suruali ya poliesta iliyopita getini asubuhi, saa nane mchana imeshagandana na mapaja kwa jasho, na sasa "inabana" ilhali haijapungua hata uzi. Bitana nyepesi hadi magotini hutatua sehemu kubwa ya hilo, lakini mteja huikataa kwa sababu ya bei.

Ndiyo maana sheria zisizo na kipimo zina upendeleo uliofichika. Wanawake wawili wakivaa suruali za mkato uleule, zilizotoka kwenye bando moja, mwembamba atapita na mwenye hipsi atarudishwa. Kosa limesomwa mwilini, si kwenye nguo. Bunge lililiona hilo mbele ya kamera Juni 1, 2021, pale Mbunge wa Momba, Condester Sichwale, alipotolewa ukumbini kwa amri ya Spika Job Ndugai baada ya mbunge mwenzake, Hussein Amar wa Nyang'hwale, kulalamikia mavazi. Suala halikuwa suruali kama suruali, lilikuwa kubana. Picha zilipozagaa mitandaoni, watu walitazama suruali ileile nyeusi na fulana ileile ya njano, wengine wakaona nguo ya kazini, wengine wakaona utovu wa adabu.

Wanaotetea mabango wana jambo moja la kweli: ofisi ina haki ya kutaka mavazi fulani, kama inavyowakataza wanaume malapa na kaptula. Waraka wa mwaka 2007 kuhusu mavazi ya watumishi wa umma uliwahusu wote, wanaume kwa wanawake. Lakini mlinzi humpima mwanamume kwa kitu kinachohesabika, ana kola au hana, kiatu kimefungwa au hakijafungwa. Mwanamke anapimwa kwa jicho. Ingetosha bango kutaja vitu vinavyoonekana: kitambaa kisichovutika, blauzi au koti linalofunika hipsi, pindo linalofika kwenye kifundo. Hakuna anayetaka mlinzi ashike futi, Mungu apishe mbali, ila masharti ya namna hiyo humwezesha mtu kujua akiwa nyumbani kwake Mbagala kama atapita au atapoteza nauli.

Na anayezomea stendi hana bango wala waraka wa kujifichia. Kifungu cha 138D cha Kanuni ya Adhabu, kilichoingizwa mwaka 1998, kinahesabu bughudha ya kijinsia kuwa kosa, iwe kwa maneno au kwa vitendo. Hakina ibara inayouliza mlalamikaji alivaa nini.

Watetezi nao wana mahali wanapoteleza. Husema suruali ni nguo tu, ivaliwe popote. Msibani si popote. Mwanamke anayeingia uani kwa wafiwa bila khanga hahukumiwi kwa kubana wala kwa kulegea; anaonekana hajaja kukaa chini mkekani, kumenya vitunguu na kulia na wenzake. Ukweni ni hivyohivyo, hasa siku za mwanzo. Khanga pale ni salamu. Wanawake wa Dar walikwishalitafutia hili njia yao bila kungoja mdahalo: suruali ya kupandia bodaboda, na upande mmoja wa khanga mkobani, unaofungwa kiunoni hatua chache kabla ya mlango na kufunguliwa stendi wakati wa kurudi.

Anayekwenda kuchukua suruali yake kwa fundi wiki hii asiishie kusimama mbele ya kioo. Achuchumae, akae kwenye stuli, kisha anyanyue mguu mmoja juu ya benchi kama anayepanda daladala. Mkanda ukishuka nyuma, au mistari ikichorwa mapajani, airudishe palepale kabla hajalipa. Na tangu siku ya vipimo amwambie fundi aache inchi 1 ya kitambaa ndani ya mishono ya ubavuni, maana mafundi wengi hukata robo tatu yake kwa mkasi na kupiga overloku, na baada ya hapo hakuna cha kuachia.