Mbunge wa Watu 3,400 na Mbunge wa Watu 494,000

Novemba 2022, katika mji wa Rochester, New Hampshire, wagombea wawili wa Baraza la Wawakilishi la jimbo hilo la Marekani walitoka sare. Chuck Grassie wa Democratic alipata kura 970, na David Walker wa Republican, baada ya kura kuhesabiwa upya, akapata 970 vilevile. Uchaguzi ulirudiwa Februari 2023 na Grassie akashinda. Huko California, anayewania kiti cha aina hiyohiyo hupigania kura kwa maelfu na maelfu, na kinyang'anyiro kikiwa kikali, kampeni zinamla zaidi ya dola milioni moja.

Swali ambalo majimbo haya mawili yamelijibu kinyume ni hili: mbunge mmoja awakilishe watu wangapi? New Hampshire, yenye watu wapatao milioni 1.38 kwa sensa ya 2020, ina wawakilishi 400. Kila mmoja anabeba takriban watu 3,400. California ina watu milioni 39.5 na wawakilishi 80, yaani watu 494,000 kwa kila mbunge. Ukipanda kwenye Seneti yake yenye viti 40, unakuta seneta mmoja kwa watu 988,000, wengi kuliko wale 760,000 hivi wanaowakilishwa na mbunge wa California katika Bunge la taifa kule Washington. Msomaji wa Kenya anaweza kupima kwa maeneobunge 290 na sensa ya 2019: wastani ni watu 164,000. Mbunge wa California anabeba maeneobunge matatu ya Kenya.

Hakuna aliyeketi akapanga iwe hivyo. Viti 80 na 40 vimo katika katiba ya California ya 1879. Sensa ya mwaka uliofuata ilikuta watu wasiofika 865,000 katika jimbo zima, kwa hiyo mwakilishi mmoja alihudumia chini ya watu 11,000. Watu wameongezeka zaidi ya mara 45 tangu hapo. Viti havijaongezeka hata kimoja.

Wanaoumia zaidi ni watu wa pembezoni. Kaunti ya Modoc, kaskazini mashariki kabisa, ilikuwa na watu wapatao 8,700 mwaka 2020. Kwa kipimo cha New Hampshire ingekuwa na wabunge wake wawili. California inaiunganisha na Siskiyou, Lassen, Shasta na kaunti nyingine, na ndani ya eneobunge hilo Modoc haifiki hata asilimia mbili ya wakazi. Mgombea anaweza kushinda bila kukanyaga huko, na anajua hivyo.

Kuna wanaosema kosa lilianzia kwenye hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya 1964, Reynolds dhidi ya Sims, iliyolazimisha maeneobunge ya mabunge ya majimbo yawe na idadi ya watu inayokaribiana. Sikubaliani nao. Kabla ya hapo, kaunti ya Los Angeles yenye watu zaidi ya milioni sita ilikuwa na seneta mmoja tu, sawa na kaunti tatu za milimani, Alpine, Inyo na Mono, zilizokuwa na watu 14,000 kwa jumla. Jaji Mkuu Earl Warren aliandika kwamba wabunge wanawakilisha watu, si miti wala ekari, na hoja hiyo ingali na nguvu yake. Lakini hukumu ilidai usawa tu. Haikusema usawa huo uwe wa watu wangapi kwa kila kiti, na usawa wa watu 494,000 unamtosheleza jaji huku ukimwacha mkazi wa Modoc bila mtu wa kumpigia simu. Wakazi wa kaskazini walipokwenda mahakama ya shirikisho mwaka 2017 kupinga ukomo wa viti hivyo, kesi yao ilitupwa.

Upande wa eneobunge dogo una hoja nzito. Anayegombea New Hampshire anaweza kubisha hodi nyumba kwa nyumba akaimaliza kata yake, na hahitaji tajiri wa kumdhamini. Wapiga kura wanakutana na mbunge wao dukani na kwenye mikutano ya mji. Na bunge hilo lina desturi ambayo naiheshimu sana: kila mswada unasikilizwa hadharani, kisha unapigiwa kura ukumbini. Kule California, miswada yenye gharama hurundikwa katika kamati za matumizi, na mingi huzimwa kwa mkupuo mmoja bila kura ya wazi. Aliyeandika barua kuunga mkono mswada wake hajui hata nani wa kumlaumu.

Hata hivyo, anayeisifu New Hampshire na kuishia hapo hajasema yote. Mshahara wa mbunge ni dola 200 kwa muhula mzima wa miaka miwili, kiwango kilichowekwa kwenye katiba mwaka 1889, pamoja na fidia ya mafuta ya gari. Nani anaweza kuishi hivyo? Mstaafu anaweza, na mwenye mali yake. Muuguzi wa zamu au mama wa watoto wadogo anayelipa kodi ya nyumba hawezi. Mlango wa kugombea uko wazi, ila wa kuhudumu umefungwa kwa wengi. Wabunge wa kawaida hawana ofisi wala wasaidizi, kwa hiyo anayewaeleza mswada unasema nini mara nyingi ni yule mwenye maslahi nao. Tena baadhi ya maeneobunge yana wabunge hadi kumi kwa pamoja, na mpiga kura anayewataja wote kwa majina ni nadra.

Udogo unaweza pia kutekwa. Vuguvugu la Free State Project liliichagua New Hampshire mwaka 2003 likiwaita wapenda serikali ndogo wahamie huko kwa wingi, na ukubwa wa jimbo ulikuwa sehemu ya hesabu. Leo baadhi yao ni wabunge. Wao wanasema waligombea na kushinda kama raia wengine, na ni kweli. Wapinzani wao wanasema kikundi chenye nidhamu kinahitaji kura chache mno kushika kiti, na hilo nalo ni kweli.

Illinois ndiyo iliyonifikisha kwenye msimamo wangu. Hadi 1980, kila eneobunge huko lilichagua wawakilishi watatu, na mpiga kura mwenye kura tatu aliweza kuzigawa au kumpa mgombea mmoja zote. Kwa kawaida chama dhaifu kiliambulia kiti kimoja kati ya vitatu, hivyo kulikuwa na Warepublican kutoka Chicago na Wademocrat kutoka mashambani. Wabunge walipojiongezea mshahara kwa asilimia 40 mwaka 1978, wananchi walikasirika. Pat Quinn, aliyekuja kuwa gavana, akaongoza kampeni ya kupunguza viti kutoka 177 hadi 118, na zaidi ya theluthi mbili ya wapiga kura wakakubali. Mfumo wa watatu ukafa pamoja na viti hivyo.

Bunge la kwanza lililochaguliwa kwa utaratibu mpya lilimpa Michael Madigan uspika mwaka 1983. Akakikalia kiti hadi 2021, isipokuwa miaka miwili tu, na mwaka 2025 akahukumiwa kifungo cha miaka saba na nusu kwa ufisadi. Siwezi kuubebesha upunguzaji wa viti lawama yote, kwa sababu Madigan alikuwa na vyanzo vingine vya nguvu, ukiwemo uenyekiti wa chama. Ila wabunge wachache, wengi wao wakitoka maeneo ya chama kimoja, ni rahisi zaidi kuongozwa na mtu mmoja. Mwaka 2001 jopo lililoongozwa na gavana wa zamani Jim Edgar wa Republican na jaji wa zamani Abner Mikva wa Democratic lilipendekeza mfumo wa kale urejeshwe. Haukurejeshwa.

Kwa hiyo ningeishauri California ibaki na maeneobunge yake 80, lakini kila moja lichague watatu kwa kura za namna ya Illinois. Wangekuwa wabunge 240, mmoja kwa watu 165,000 hivi, na Warepublican wa pwani pamoja na Wademocrat wa kaskazini wangepata sauti. Mshahara wa mbunge ulikuwa zaidi kidogo ya dola 128,000 kwa mwaka 2024, kwa hiyo nyongeza ya wabunge 160 ingegharimu dola milioni 20 na ushei, bila wasaidizi, katika bajeti ya karibu bilioni 300. Watakaolalamikia gharama wana haki ya kuuliza, na hayo ndiyo majibu. Kikwazo kikubwa ni njia yenyewe: bunge linahitaji theluthi mbili katika kila ukumbi ili kupeleka marekebisho ya katiba kwa wananchi, na wenye kura hizo ndio watakaogawana madaraka na wenzao wapya. Inabaki njia ya kukusanya saini. John Cox, aliyeshindwa na Gavin Newsom katika ugavana mwaka 2018, aliijaribu kwa mpango wake wa wajumbe wapatao 12,000 wa mitaa, na haukufika kwenye karatasi ya kura. Mpango wa wabunge 240 bado haujapewa nafasi hiyo.