Simu ya Mashoga na Wasagaji wa London: Nani Aupokee Mkonga?

Kila unapozuka mjadala kuhusu simu za msaada, kuna hoja isiyokosekana: mtu aliyekata tamaa asipokelewe na mtu wa kujitolea, apokelewe na mtaalamu mwenye cheti, anayelipwa mshahara na anayewajibishwa akikosea. Hoja hiyo ina uzito. Lakini wanaoielekeza kwa London Gay Switchboard, simu ya msaada kwa mashoga na wasagaji iliyoendeshwa na wanaojitolea, iliyofunguliwa Machi 4, 1974 katika chumba kilicho juu ya duka la vitabu la Housmans, barabara ya Caledonian, jirani na stesheni ya King's Cross, wanasahau mtaalamu wa mwaka ule alikuwa nani.

Alikuwa daktari aliyefundishwa kwamba ushoga ni maradhi. Shirika la Afya Duniani lilikuja kuuondoa kwenye orodha yake ya magonjwa mwaka 1990. Katika baadhi ya hospitali za umma Uingereza, mwanamume aliyekwenda kuomba msaada aliweza kuonyeshwa picha za wanaume huku akipigwa shoti ya umeme, au kuchomwa sindano ya kutapisha, ili mwili wake ujifunze kuchukia. Sheria ya 1967 nayo iliwaondolea kosa la kufanya mapenzi na wanaume wenzao wale waliotimiza miaka 21 tu, tena wakiwa faraghani, tena England na Wales pekee. Kijana wa miaka 19 aliyempenda kijana mwenzake angemweleza nani bila kuogopa? Aliyeupokea mkonga wa simu pale Switchboard alikuwa shoga au msagaji kama yeye, na kwa mwaka ule hicho ndicho kilikuwa cheti chenye thamani.

Tena kazi yenyewe ilikuwa na nidhamu yake. Unatoa taarifa, huamui kwa niaba ya mtu. Unahakikisha kwanza kama yuko mahali anapoweza kuzungumza, kwa sababu simu ya nyumbani mara nyingi iko sebuleni na mzazi yuko jikoni. Akinyamaza, hukati. Unamwambia kwa sauti ya chini kwamba upo, unasubiri, unarudia tena baada ya muda. Mwenye kupiga kwa mara ya kwanza huweza kumaliza simu nzima akipumua tu, kisha akapiga tena wiki ijayo akataja jina. Taarifa iliyopitwa na wakati nayo ni hatari. Ukimtajia mtu baa iliyokwisha fungwa, unaweza kuwa umempandisha treni kutoka mji mdogo aje kusimama mbele ya mlango wenye kufuli, na huenda asithubutu mara ya pili. Ndiyo maana kulikuwa na daftari la zamu: anayetoka anaandika kwa mkono kilichobadilika na kilichomtatiza, anayeingia anasoma kabla hajagusa simu. Madaftari hayo leo yamehifadhiwa kwenye kumbukumbu za Bishopsgate Institute, London.

Kisha ukaja mwaka 1983, ambao wakosoaji huupita haraka mno. Aprili, kipindi cha Horizon cha BBC kilieleza kuhusu ugonjwa mpya uliokuwa ukiwaua wanaume mashoga New York, na simu za Switchboard zikafurika. Kipimo cha damu hakikuwapo. Kilianza kutumika nchini humo mwaka 1985. Mwezi mmoja baada ya kipindi, Mei 1983, Switchboard iliitisha mkutano kuhusu UKIMWI katika ukumbi wa Conway Hall. Mkutano huo uliupa nguvu mpya mfuko ulioanzishwa na wenzake Terry Higgins, mmoja wa watu wa kwanza kufahamika kufa kwa UKIMWI Uingereza, aliyefariki Julai 1982, mfuko ambao baadaye ukawa shirika la Terrence Higgins Trust. Kijikaratasi cha serikali cha kuelimisha kila nyumba kilisambazwa Januari 1987. Hesabu mwenyewe tangu mkutano ule: miaka mitatu na miezi minane. Serikali ilitangulia kuwaeleza wachangia damu, na mwaka 1986 ikatoa matangazo magazetini. Lakini usiku kwa usiku katika kipindi hicho, mwanamume aliyeona doa jipya kwenye ngozi yake, akihofia ni dalili ya ugonjwa huo, alipiga Caledonian Road, na aliyemjibu alikuwa ametoka kazini kwake, hajalipwa, na pengine ana hofu ileile.

Upande wa pili una mambo ya kweli, nami siyapuuzi. Wanawake waliopiga wakapokelewa na mwanaume walikuwa na haki ya kulalamika. Lesbian Line, simu ya wasagaji, ilianzishwa London mwaka 1977, na Switchboard haikuongeza neno wasagaji kwenye jina lake hadi 1986. Na ipo hesabu ya zamu. Simu ilianza kwa saa chache za jioni, ikafikia saa 24 mwaka 1975. Wiki ina saa 168. Ukigawa kwa zamu za saa nne, watu wawili kila zamu, unapata viti 84. Kila mmoja akija mara moja kwa wiki mbili, unahitaji watu 168 wasiougua wala kuchoka. Leo Switchboard inapokea kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 4 usiku. Saa zile ambazo upweke huuma zaidi hazina mtu.

Hapo mshahara una kazi yake: umlipe anayepanga zamu, anayefundisha wapya, anayehakiki taarifa na anayekaa na mpokeaji aliyetoka kwenye simu nzito. Mkonga ubaki kwa wanaojitolea. Kuurudisha usiku wote, kwa hesabu ileile, kunahitaji viti 42 kwa wiki. Ni watu 84, kila mmoja zamu moja ya usiku katika wiki mbili.