Simba Mwenye Manyoya Anatafuta Nini Huku?

Wageni wa harusi kutoka bara wametuletea hapa Malindi kalenda ya kanisa, na tangu itundikwe ukutani imenikera. Juu yake pana nembo ya askofu mmoja, sitamtaja, kubwa kuliko tarehe zenyewe. Ndani ya ngao simba kasimama kwa miguu ya nyuma, ulimi nje kama yuko kwa daktari wa koo, manyoya mpaka kifuani. Chini yake waridi la Kiingereza. Kalenda hiyo hiyo inasema askofu ni mtoto wa mvuvi!

Kofia ya kiaskofu juu ya ngao sina neno nayo. Waungwana wa Uingereza huweka chapeo ya vita mahali hapo, afadhali kofia. Fimbo nayo, hata mchunga mbuzi wa Marafa anaielewa. Kinachonichoma ni ndani ya ngao. Kwa desturi ya Kianglikana inagawanywa katikati: nusu ya dayosisi, nusu yake mwenyewe. Akistaafu, ile ya dayosisi inabaki kwa atakayemrithi, yeye anaondoka na yake. Yaani umepewa nusu ngao ya kusema umetoka wapi, nawe unatuchorea waridi?

Msitwambie sheria inakataza. Kwenye nembo, kinachofunga ni maelezo yaliyoandikwa, si mchoro. Pakiandikwa samaki wa rangi ya fedha juu ya buluu, fundi wa Malindi anaweza kukuchorea changu au tewa, na hajavunja kitu. Rangi zina sharti lake, dhahabu isikae juu ya fedha, ili ngao isomeke kwa mbali. Basi. Wala London hakuna haja ya kwenda kuomba nembo, Kenya ina sheria yake ya nembo tangu 1968.

Haya, lazima simba? Tsavo iko hapo tu, ukipita geti la Sala, na madume wengi wa kule hawana manyoya ya shingoni. Mchoreni huyo, na kipara chake.

Sisi nembo za wageni tunazo za kutosha. Pale kwenye nguzo ya Vasco da Gama, ule msalaba wa jiwe la Lisbon una nembo ya Ureno, na watalii wanalipa kuupiga picha. Ile ililetwa na merikebu. Hii ya kalenda mtu kaiagiza mwenyewe, kwa hiari yake!

Chora mnazi, chora jahazi. Chora twiga, maana Malindi ilimpeleka mmoja China mwaka 1415. Ila kigango, ile nguzo ya mbao ya kumbukumbu ya Wagiriama, msikiguse. Kile ni cha marehemu wa Gohu, chama cha wazee wao, si pambo, na vilivyoibwa vikauzwa ng'ambo vinatosha.