Aibu ya Mhusika Isiishie Kwenye Samahani

Hadithi nyingi zinazoandikwa huku Mbeya na Iringa hufia mahali pamoja: mhusika mkuu anaumbuka mbele za watu, analia, anaomba radhi, basi. Msomaji ameambiwa kwamba mtu kabadilika, ila hajaona.

Chukua katibu wa kikoba, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, pale Uyole, kijana anayejivunia hesabu za kichwa. Kikaoni, watunza funguo watatu wameshafungua kisanduku, anamtangaza mama muuza viazi kuwa hisa za wiki iliyopita hakukamilisha. Kitabu cha mama kinafunguliwa mbele ya wote: mihuri mitano, mmoja kwa kila hisa, zimetimia, na yote kaigonga katibu mwenyewe. Kosa hili linafaa kwa sababu limetoka kwenye majivuno yake. Angeteleza tu kwenye tope la masika akaanguka na kisanduku, tungecheka, lakini asingekuwa na cha kurekebisha.

Kwa hadithi ya maneno 2,000, aibu hiyo iingie kabla ya neno la 600, maana kazi iko mbele. Mwache kwanza ajitetee kwamba ukungu ulitia giza chumbani, amsukumie lawama mweka hazina, azunguke njia ya nyuma asipite kwenye meza ya viazi. Waandishi huogopa sehemu hii wakidhani msomaji atamchukia. Hamchukii, anajiona humo. Na akitubu papo hapo, amejua saa ngapi kilichomponza? Mzee wa nasaha usimlete kabisa.

Mabadiliko yaonekane mikononi. Vikao vinavyofuata anahesabu kwa sauti, kidole juu ya kila muhuri, wenzake wakinung'unika kuwa wanacheleweshwa. Usieleze kwa nini anafanya hivyo.

Kisha mrudishe kwenye mtego uleule, ukiwa mkali zaidi. Siku ya kuvunja kikoba, wanachama wakigawana akiba, pesa zinapungua shilingi 20,000, na mama yuleyule ndiye aliyekaa karibu na kisanduku. Macho yote kwa katibu. Atakachoamua lazima kimgharimu: anasema wazi kwamba hesabu yake isiaminiwe, anamkabidhi mama noti azihesabu upya. Wengi hapo wangezifanya zile 20,000 zionekane chini ya daftari. Mimi ningeziacha zipotee kweli, wanachama wagombane hadi jioni, kwa sababu zikionekana tu, unyenyekevu wake umeshalipwa na hatujui kama angeuvumilia bure.